Hispania ya 1-0: timu kubwa, au mabingwa waliotuchosha tu?

Mleta mada
Wakuu, huu ubishi kijiweni umeshindikana, nauleta hapa. Hispania ilibeba Euro 2008, Kombe la Dunia 2010 na Euro 2012. Kabla yao hakuna timu ya Ulaya iliyowahi kuunganisha makombe matatu hivyo. Lakini kila zikitajwa timu bora za wakati wote, hakosi mtu wa kusema wale waondolewe, walikuwa wanatulaza usingizi.

Msimamo wangu: walikuwa wanachosha, na walikuwa timu kubwa. Vyote viwili. Anayedai kule Afrika Kusini 2010 ilikuwa burudani mwanzo mwisho hakuiangalia mechi yao na Paraguay. Mabao manane kwa mechi saba. Hakuna bingwa wa dunia aliyefunga machache kuliko hayo. Kuanzia 16 bora mpaka fainali ubao ulisoma 1-0, 1-0, 1-0, 1-0.

Ila tazameni hizo sifuri nne. Ujerumani ile ilikuwa imempiga Australia 4-0, Uingereza 4-1, Argentina 4-0. Siku nne baada ya kumchakaza Argentina ikakutana na Hispania, haikupata hata la kufutia machozi. Vijana wa Löw, kocha wa Ujerumani, hawakusahau mpira ndani ya siku nne. Walinyimwa.

Halafu mechi ni ya timu mbili. Baada ya 2008 kila aliyekutana na Hispania alikuja kupaki basi, yaani kujazana nyuma kulinda goli tu. Uswisi wakajaribu mechi ya kwanza ya 2010, wakashinda 1-0, wengine wakanakili. Sasa ukifungiwa mlango na watu kumi utafanya nini zaidi ya kuuzungusha mpira na kusubiri? Lawama tunamtwisha aliyekuwa na mpira kwa sababu ndiye kamera inamfuata.

Beki wa Mchangani
Mkuu, umeanza vizuri ukaharibu mwisho. Wakubwa wote hupakiwa basi. Italia, wenye catenaccio yao, ule mfumo wa kubana nyuma, walikutana na Brazil fainali ya 1970 wakala nne.

Mimi sina shida na mabao machache. Kilichonikera ni kwamba pasi zao nyingi zilikuwa ulinzi. Xavi kwa Busquets, Busquets kwa Alonso, Alonso kwa Xavi, watu wanashangilia kumbe jamaa wanapumzika. Ukiwa na mpira hufungwi, basi. Na huko nako ni kupaki basi, tofauti ni kwamba wenzetu waliliegesha kwenye nusu ya mpinzani. Euro 2012 ndiyo wakazidisha: kocha wao Del Bosque anaanza mechi bila mshambuliaji halisi, kiungo Fàbregas ndiye namba tisa. Nusu fainali na Ureno dakika 120 hakuna bao, wakaponea kwenye matuta. Ukubwa gani huo?

Kona Fupi
Fainali wakampiga Italia 4-0. Hiyo umeiruka kwa bahati mbaya?

Beki wa Mchangani
Italia walimaliza pungufu. Motta wao aliumia, nafasi za kubadilisha zimeisha.

Kona Fupi
Alipoumia ilikuwa tayari 2-0, bro.

Mama Kabumbu
Wanangu, mnabishana kwa namba tu. Hungaria ya 1954, Uholanzi ya 1974, Brazil ya 1982: hakuna hata moja iliyobeba kombe mwaka huo, na watu wanazisimulia mpaka leo. Brazil ya 1994 ilibeba, 0-0 na Italia halafu penalti. Nani anaamka asubuhi akaisimulia? Ile kazi ya kina Dunga ilikuwa safi, sibishi, ila mashabiki wa Brazil wenyewe huiheshimu zaidi ya wanavyoipenda.

Kwa hiyo kwangu kombe peke yake halitoshi. Lakini hata mimi Hispania naiingiza, kwa sababu mnaisema kama vile haikuwa na kingine. Mwaka 2008 ile ile ilimfunga Urusi 3-0 nusu fainali kwa mpira mtamu kabisa. Na angalieni tena bao la Puyol kwa Ujerumani. Kona ya Xavi, Piqué yuko njiani anauwania mpira, Puyol anakuja mbio kutoka nje ya boksi, anaruka juu ya mwenzake na kuubamiza kwa kichwa. Hapo hakuna tiki-taka, zile pasi fupi fupi zao. Ni nguvu na njaa. Timu inayochosha kwa dakika 72 ikakufanyia hivyo ya 73, mimi nitaisubiri.

Mnyama Damu
Huku kwetu hilo swali lina jibu tayari. Sisi wa Simba tulioonja pira biriani, ule mpira mtamu wa kwetu, kocha akishinda 1-0 mechi tano tunaanza kuuliza anafanya nini mazoezini. Akija kufungwa ndipo tunazikumbuka zile 1-0 kwa machozi. Endeleeni.

Mleta mada
Mama Kabumbu umenisaidia, japo hapo kwa Brazil 1994 tutagombana siku nyingine.

Beki, hoja yako ya pasi za ulinzi naichukua, ila inakuumiza mwenyewe. Kama siri ilikuwa kumiliki mpira tu, mbona waliokuja baadaye walishindwa? Kombe la Dunia 2018 Hispania ilipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi, 1-1, ikatolewa kwa matuta. La 2022 ikapiga tena zaidi ya 1,000 dhidi ya Morocco, 0-0, na kwenye matuta haikufunga hata moja. Mpira ule ule, usingizi ule ule, kombe hakuna. Wa 2010 walikuwa na kitu ambacho kuzungusha mpira hakukupi. Dakika ya 116 ya fainali, miguu imekwisha, Iniesta anautuliza, anausubiri udunde, halafu anapiga.

Beki wa Mchangani
Basi mpe kipa Casillas kombe lake. Fainali hiyo Robben wa Uholanzi alibaki naye peke yake, mguu wa Casillas ukauokoa. Bila ule mguu leo tunajadili Uholanzi iliyobeba kwa mateke. De Jong alimpiga Alonso daluga la kifua akapewa njano!

Mleta mada
Kipa si sehemu ya timu?

Kona Fupi
Swali kwa wote. Kama 1-0 zinahesabika, Ugiriki iliyobeba Euro 2004 tunaiweka wapi? Ufaransa 1-0, Czech 1-0, Ureno 1-0 fainali, tena nyumbani kwa Wareno.

Mama Kabumbu
Ile ilikuwa ajabu, na ajabu haihitaji orodha. Wale wale hawakufuzu hata kwenda Kombe la Dunia la 2006.

Beki wa Mchangani
Na Hispania Kombe la Dunia 2014? Uholanzi 5-1, Chile 2-0, mechi mbili tu safari imekwisha.

Mleta mada
Miaka sita baada ya kombe la kwanza. Ugiriki miwili haikufika.