Msaada: Conky imeweka boksi jeusi juu ya picha ya mama

MwanaPongwe: Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Usiku wa tatu huu sijalala vizuri. Nimeweka Conky, kile kiprogramu cha kuandika taarifa juu ya picha ya nyuma ya kioo, kwenye kompyuta ya mzee wangu imwonyeshe saa, tarehe na zamu za dawa za presha. Saa inakwenda, orodha ya dawa inasomwa kwenye faili kwa amri ya execi, safi kabisa. Ila nyuma ya maandishi kuna boksi jeusi tii, na limeangukia usoni kwa mama kwenye picha ya nyuma ya kioo. Mama alitutoka mwaka jana. Nimeweka own_window_transparent = true, own_window_argb_visual = true, own_window_argb_value nimejaribu 0, nikajaribu 100. Jeusi vilevile. Jumamosi namrudishia mzee mashine yake. Nisaidieni.

Kibatari: Pole kwa msiba mkuu. Dawa ya alfajiri na adhana, ya jioni na adhana. Adhana haihitaji RAM.

Bi Mkunazi: Mwanangu, pole sana. Mume wangu naye ana presha, mwaka wa saba sasa. Nilimwekea kengele kwenye simu, akaizima. Nikabandika karatasi kwenye friji, akazoea kuipita. Siku hizi namkalia mbele mpaka ameze. Mzee anaishi na nani hapo nyumbani? Hilo ndilo la kuuliza kwanza.

Nahodha_T: Nirudi kwenye swali. Mfumo gani? Nani anasimamia madirisha? Kompozita, ile programu ya kuchanganya madirisha na kilicho nyuma yake, ipo?

MwanaPongwe: Mfumo Debian, madirisha Openbox. Vingine kawaida tu mkuu.

Nahodha_T: "Kawaida" haitusaidii. Openbox yenyewe haina kompozita. Kompozita ya picom ipo au haipo?

MwanaPongwe: Ilikuwepo. Niliiondoa mwezi uliopita. Msinifokee, nilikuwa na sababu. Mashine ina RAM ya GB 2, feni inalia kama mashine ya kusaga, na mzee akiburuta dirisha linakatikakatika. Nilipoitoa akasema "sasa inapumua". Siirudishi. Na kusema kweli nishaelewana na fundi, Jumamosi hiyohiyo apige Windows 10, elfu 20.

Fundi Kipara: Hapo ndipo mnapotuumiza. Microsoft walifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Halafu GB 2 ndicho kiwango cha chini walichoandika wenyewe kwa toleo la biti 64, yaani inawaka tu. Ukifungua kivinjari umekwisha. Na huyo wa elfu 20 anakuwekea ya wizi. Miaka 11 niko mezani na hizi mashine, nyingi zinazoletwa na virusi zilipitia mikono ya namna hiyo.

Mchunguzi Huru: Wakuu, mimi naona hii ni chai. Mzee wa presha anatumia Openbox? Na huyuhuyu mwezi wa pili alifungua uzi kuhusu feni, akasema ni kompyuta yake ya chuo. Leo imekuwa ya mzee, na kuna marehemu juu yake. Watu wanatafuta huruma humu.

Kibatari: Duh. Hata mimi uzi ule naukumbuka.

MwanaPongwe: Ni hiyohiyo. Nilimaliza chuo, nikampa mzee, kwa sababu ya kwake ilikufa. Openbox niliiweka mimi, yeye anabonyeza vitu viwili tu: magazeti na picha. Kuhusu mama sina la kukuthibitishia hapa, kaka, na sitajaribu.

Bi Mkunazi: Mchunguzi, mwombe radhi mwenzio. Hata kama ni hadithi, swali lake ni la kweli, na kuna mtu mwingine atalisoma kesho.

Nahodha_T: Sikiliza MwanaPongwe. Ukiwasha argb_visual unaomba dirisha lenye kiwango cha kupitisha picha ya nyuma. Wa kuichanganya na kilichopo chini ni kompozita. Umeitoa, kwa hiyo hakuna anayechanganya, linabaki jeusi. Ndiyo maana 0 na 100 ni mamoja kwako. Lakini picom si lazima. Weka own_window_argb_visual = false, own_window_transparent uiache true. Hapo Conky inaazima picha iliyochorwa chini kabisa ya kioo na kuifanya mandhari yake. Dirisha jingine likiwa nyuma yake halitaonekana, ila kwa saa na dawa inatosha. Picha ya nyuma umeiweka kwa programu gani?

MwanaPongwe: feh --bg-fill.

Nahodha_T: Vizuri, feh inachora palepale chini. Kwenye autostart ya Openbox, faili la vitu vya kuwaka mwanzoni, feh itangulie, Conky ifuate baada ya sleep 5, yaani isubiri sekunde tano. Boksi likibaki, own_window_type iwe 'override', Openbox isiliguse kabisa.

MwanaPongwe: LIMETOKA! Nilibadilisha argb, bado. Nikaweka override, boksi likaondoka. Sura ya mama yote naiona. Tatizo moja: maandishi meupe yamepotea kwenye kanga yake, na yenyewe ni nyeupe.

Nahodha_T: Usiguse rangi. alignment = 'bottom_left', kama yeye hayupo upande huo.

MwanaPongwe: Upande huo ni ukuta wa nyumba tu. Yanasomeka. Fundi nishampigia, nimemwambia asije.

Mchunguzi Huru: Niwie radhi kaka. Mzee mfikishie salamu.