Kundi la Washonaji wa Familia: kope chini ya mfarishi

*Neema:* Shikamooni wote. Nimetuma picha mbili za kipande cha mazoezi ya kushona huru, yaani kusogeza kitambaa kwa mikono badala ya meno ya cherehani. Juu mshono unapendeza, ila chini, kwenye mizunguko, uzi umelala vistari kama kope. Uzi nikaze au nilegeze?

*Shangazi Saida:* Marahaba mwanangu. Usiguse kitu kwanza. Kope zipo kwenye mizunguko tu au hata palipo nyooka?

*Neema:* Kwenye mizunguko tu, shangazi.

*Shangazi Saida:* Basi mikono inakimbia. Mtu akifika kwenye mzunguko huharakisha kitambaa bila kujua, na kasi ya pedali ni ileile. Kitambaa kikivutwa sindano ingali ndani, sindano inapinda, uzi wa juu unaburutwa chini, na fundo la nyuzi mbili halikai ndani ya pamba iliyo kati ya vitambaa. Tuliza mikono, pedali iache ilivyo. Kope zingekuwa kila mahali ningesema uzi wa juu umelegea. Hapo toa uzi wote, inua mguu wa cherehani, tunga upya. Mguu ukiwa chini, vile visahani vya kukazia vimebana na uzi haupiti katikati yake.

*Kaka Juma:* Cherehani nyingi zinalaumiwa bure kwa hilo la kutunga uzi mguu ukiwa chini.

*Bibi Mwana:* Na ukiona vitone vya uzi wa chini vimechomoza juu, ujue wa juu umekazwa mno. Legeza nusu namba kwenye kitufe cha mkazo, shona sentimita 10, geuza utazame. Skrubu ya nyumba ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, iwe ya mwisho kabisa kuguswa.

*Neema:* Sawa bibi. Urefu wa mshono niweke ngapi?

*Kaka Juma:* 0. Yale meno ya chini ya mguu ukishayashusha hayasukumi tena kitambaa, urefu unatoka mikononi mwako. Lenga mishono 3 au 4 kwa sentimita, iliyolingana. Cherehani isiyoshusha meno, yafunike kwa kibati chake, au bandika kadi ngumu kwa selotepu na kuacha tundu la sindano. Mguu uwe ule wa kudarizi, wenye springi na duara mbele. Sindano 90/14, uzi wa pamba namba 50.

*Shangazi Saida:* Kwenye mazoezi tia rangi moja juu na nyingine chini, makosa ya mkazo yajitokeze. Kwenye mfarishi wenyewe, rangi ileile pande zote.

*Bibi Mwana:* Kipande cha sentimita 35 kwa 35 kinatosha. Kitambaa, pamba nyembamba, kitambaa. Ile pamba nene ya poliesta iache kwanza, tabaka zinateleza. Bana pini kila sentimita 10, uzitoe kadiri unavyozifikia.

*Neema:* Mwanzoni mwa mshono chini kunakuwa na kiota cha nyuzi.

*Kaka Juma:* Mguu haukushushwa. Kwa sababu unaruka juu ya kitambaa, macho yanadhani uko chini tayari. Ushushe, zungusha gurudumu kwa mkono kuja upande wako mara moja, vuta uzi wa bobini utokeze juu, shika nyuzi zote mbili, shona mishono 4 midogo palepale, ndipo uondoke.

*Bibi Mwana:* Kabla ya kitambaa, karatasi na penseli. Chora njia inayopindapinda bila kujikata na bila kuinua mkono, ujaze ukurasa mzima. Kisha andika e na l zilizoungana. Mkono ukishaijua njia, cherehani inafuata. Macho yatazame unakokwenda, si kwenye sindano.

*Neema:* Nimetuma picha nyingine. Kope zimebaki mbili, na mishono mirefu pembeni yake.

*Shangazi Saida:* Nimeona. Hapo ndipo ulipohamisha mikono cherehani ikiendelea. Isimamishe sindano ikiwa chini ndani ya kitambaa, hamisha mikono, kisha kanyaga pedali taratibu.