Mustang GT ya 2012 au ya 2016, ipi inafaa kwa huku Mwanza?

Mtoto wa Nyegezi: Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo ya wanaozijua hizi gari. Ford Mustang naipenda tangu niko sekondari na sasa Mungu kajalia naagiza. Nimebaki na mbili, GT ya 2012 iko Dubai usukani kushoto, na GT ya 2016 iko Uingereza usukani kulia, zote V8 lita 5.0. Ya Dubai bei nzuri na sura yake ndo inaniua, ile ya kufanana na za miaka ya 60. Kila mwisho wa mwezi naenda Musoma kwa wazee. Nichukue ipi?

Dereva wa Igoma: 2016 mkuu. Hiyo barabara ya Musoma unaijua, uko nyuma ya semi ukishapita Magu halafu umekaa kushoto, huoni kitu, mpaka utoe nusu ya gari ndo ujue kama kuna basi linakuja, na siku huna abiria wa kukuangalizia inakuwaje? Tangu 1964 Ford walikuwa wanatoa usukani kushoto kiwandani, hiki kizazi kilichoanza na modeli ya 2015 ndo cha kwanza kutoka na wa kulia.

Fundi Nyakato: Usukani nakubali ila ya 2012 msiidharau jamani. Nyuma ina ekseli moja nzima, kitu kigumu, bushi chache, Marekani wale wa mbio za mstari mnyoofu wanaipenda kwa hilo hilo. Ya 2016 kila tairi la nyuma linajitegemea, kwa hiyo vya kuchakaa ni vingi. Injini ni ile ile, Ford wanaiita Coyote, nguvu za farasi 412 kwa 435 kwa vipimo vya Marekani, hutaona tofauti ya kukufanya ulale njaa.

Mama Kirumba: Fundi ni kweli, lakini hiyo ekseli nzima tairi moja likiingia shimo na mwenzake anasikia, kwenye kona yenye mabonde nyuma inahama kabisa, ya 2016 inatulia. Mimi mgongo wangu naupenda. Na usidanganywe kwenye ushuru, zote zimevuka miaka 8, uchakavu utalipa kote.

Mtoto wa Nyegezi: Asanteni sana, hapo kwenye semi mmenimaliza, naenda na ya 2016. Nikague nini kabla sijatuma hela?

Fundi Nyakato: Kutu! Kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani, dai picha za chini ya gari, sio za bodi tu, wakikataa kutuma achana nayo.

Dereva wa Igoma: Na spidomita yake inasoma maili. Ukiingia kijijini kibao cha 50 na wewe mshale uko 50, ujue unatembea kilomita 80, tochi hiyo inakusubiri. Hapo mshale wako mwisho thelathini.