Mrejesho: nakala ya diski nzima kwa kompyuta ya steshenari

Wakuu, ni mimi niliyeuliza nitumie programu gani kuhifadhi diski nzima, Windows na vyote vilivyomo, kwenye kompyuta ya steshenari yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Umeme ukicheza tu, roho inanitoka.

Macrium Reflect ya bure niliitamani, lakini tangu Januari 2024 toleo hilo halina tena msaada. Clonezilla ni imara, ila skrini yake ni maandishi matupu. Ukichanganya diski chanzo (unayoinakili) na diski lengwa (inayoandikwa juu yake), umekwisha. Nikaangukia Rescuezilla: bure, unabofya tu, na inasoma hata nakala za Clonezilla.

Rescuezilla inawashwa kutoka kwenye flashi, si ndani ya Windows, basi flashi nikaiandaa kwa Rufus, programu ya kuiweka humo. Inafuta kila kitu kilichomo kwenye flashi, jamani! Picha za kipaimara cha mpwa wangu zimeenda hivyo, na dada bado hajui.

Nikawasha HP yangu, nikabonyeza F9 ili ije orodha ya kuchagua pa kuwakia, nikachagua flashi. Mara ya kwanza nakala ikagoma: Windows huwa haizimiki kabisa, inajilaza nusu-nusu. Nikarudi, nikaizima huku nimeshikilia Shift, ikakubali. GB 61 zikabanwa hadi GB 34 kwenye diski ya nje.

Aliyesema nijaribu kuirudisha nakala kwenye diski nyingine kabla sijaringa, shikamoo mkuu. Nilifunga diski chakavu ya GB 500 (yangu ni 240, lengwa isiwe ndogo kuliko chanzo), nikarudisha, ikawaka na risiti zangu zote.

Kero iliyobaki: Rescuezilla haijipangii ratiba ya kunakili. Kila Jumapili nikishafunga duka, nachomeka flashi mwenyewe.