Bwana wa ramani eti "mambo ya vyoo mwishoni"!!!

Wakuu, simtaji, mnamjua. Leo kikao cha mchoro wa viwanja, bibi afya kauliza umbali wa choo na kisima. Jamaa hata macho hajayatoa kwenye kompyuta: "Mama, mambo ya vyoo mwishoni." MWISHONI! Bikoni za mipaka zishazikwa, watu wameshalipia, ndipo aulizwe?

Kiwanja cha 20 kwa 20, kona hadi kona ni mita 28 na ushee. Choo cha shimo na kisima tunaambiwa viachane mita 30. Choo kitupe kona ile, kisima kona hii, bado hujafika! Na jirani ana shimo lake nyuma ya ukuta. Hapo semina ya kunawa mikono itasaidia nini? Dawa iko kwenye mchoro: bomba litangulie, visima vipigwe marufuku. Na kitako cha shimo kikae mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, yapimwe masika, siyo Septemba udongo umekauka kama kaukau.

"Mama, mwishoni." Kalamu anaizungusha!

Tozi_wa_Bondeni: Mkuu umekuja na tepu jukwaani 😂😂

MamaWawili: Afadhali hao wana mchoro. Huku kichochoro ni mita moja na nusu, gari la majitaka linaishia barabarani, mpira haufiki. Mvua ikianza, watu wanatapisha vyoo mtaroni usiku.

Kipimo: Watu wa afya nao wasijifanye malaika. Mchoro unakaa mezani kwao wiki nzima, unarudi na muhuri tu, "hakuna pingamizi". Kisha kipindupindu kikiingia wanakuja na klorini na kitabu cha faini.

Tozi_wa_Bondeni: Mwishoni 😂

Zege_Kavu: Vyoo tu? Mtaro wetu umejengwa bila mteremko, maji yametuama, malaria haiishi.

Kipimo: Maji machafu hayo ni ya Culex, mbu wa matende. Wa malaria anapenda maji safi.

Zege_Kavu: Kwa hiyo nishukuru?

MamaWawili: Na baa iliyopewa kibali ukuta mmoja na wodi ya wazazi?

Tozi_wa_Bondeni: Spika zinaelekea wapi?

MamaWawili: Wodini.

Zege_Kavu: Bia bei gani hapo?