Mrejesho: Mercedes 300E yangu hapa Malindi

Asalaam aleikum ndugu zangu. Ni mimi niliyeuliza kuhusu 300E ya 1990: inapanda joto nikikwama foleni, na je, niishushe na kuitia rimu kubwa?

Joto limekwisha. Aliyesema nitazame feni kabla ya kununua rejeta Mungu ambariki. Klachi ya feni, kile kifaa kinachoifanya feni izunguke pamoja na injini, ilikuwa haishiki tena, kwa hivyo feni ilizunguka kivivu hata injini ikichemka. Gari likikimbia upepo ulisaidia, likisimama tu mshale unapanda. Fundi ametia mpya, na kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) badala ya maji ya bomba.

Lililoniuma ni kutu. Tulipong'oa vifuniko vya matundu ya jeki, bati lilikuwa limeshaanza kulika. Hewa ya bahari haina huruma. Pamekatwa, pakachomelewa, pakapigwa nta kwa ndani. Sasa chini naosha kwa maji matamu, si ya kisima.

Kushusha nimekataa kabisa, kwa matuta ya barabara ya Mombasa! Nimeweka rimu za inchi 16 badala ya 15, na spika mpya nyuma ya vifuniko vyake vya zamani. Umbo lile halitaki madoido. Zimebaki raba za kushikia injini, nazo nimeshaagiza.