Mrejesho: swichi iliyokataa kila mtu, Malindi

Ndugu zangu, nimerudi. Niliuliza kwa nini swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha kompyuta) ya hoteli ninayoihudumia hapa Malindi inamkataa kila anayeingia kuisimamia kupitia seva ya RADIUS, ile inayohakiki majina na nywila. Aliyesema nikague poti, yaani namba ya mlango wa mawasiliano, alipatia: swichi ilituma kwenye 1645, seva inasikiliza 1812. Kubadilisha tu, nikaingia.

Ushauri wa kubakiza akaunti moja ndani ya swichi yenyewe ndio ulioniokoa. Juzi stima ilipotea, seva ikagoma kuwaka. Nikachutama stoo, laptopu magotini, nikaingia kwa akaunti hiyo kupitia kebo ya konsoli, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye swichi.

Kilichonishinda ni kumwekea fundi msaidizi mipaka ya amri moja moja, yaani amri zipi aruhusiwe kuipa swichi na zipi azuiwe. RADIUS ya kawaida haina uwezo huo, ni kazi ya TACACS+, mfumo mwingine wa kuhakiki watumiaji, nayo sijaiweka bado. Shukrani sana, mmenifaa mno.